Benzi kuukuu na mshahara wa mtumishi

Mtu apitaye mbele ya ofisi za serikali au shule zetu za mijini saa moja na nusu asubuhi hawezi kukosa kuliona jambo hili. Katikati ya pikipiki na motokaa ndogo zinazoingia kazini hupita taratibu Benzi jeusi la milango minne, au BMW yenye viti vya ngozi, au Toyota Crown yenye vioo vya giza. Wenye magari hayo si mawaziri, wala si wafanyabiashara wakubwa. Ni maofisa wa daraja la kati, wahasibu, walimu wakuu, na siku hizi hata walimu wa madarasani. Magari yenyewe yana umri wa miaka 12, au 15, au 20, na mengi yalikwisha kutembea kilometa 150,000 au 200,000 kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Bei yake hukaribiana na ile ya motokaa ndogo yenye umri mdogo zaidi, na hapo ndipo mtego ulipo.

Si nia ya makala haya kuwasimanga watumishi wa umma kwa kupenda kitu kizuri. Mwalimu aliyefundisha miaka 20 ana haki ya kukaa kwenye kiti laini. Lakini hapana budi tuulize swali ambalo muuzaji hawezi kuliuliza: gharama iliyobaki ndani ya gari hilo atailipa nani?

Wazee wetu wanalikumbuka neno Wabenzi, lililoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 kuwataja wakubwa waliojitenga na wananchi kwa magari yao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi masharti juu ya mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Neno Wabenzi lilitoka vinywani mwa wananchi, na pengine lilichoma kuliko masharti. Leo mambo yamegeuka. Benzi limeshuka bei hata likafikiwa na mwalimu, ila nembo yake haikushuka heshima. Mtu hununua heshima ya mwaka 2004 kwa mshahara wa leo, naye hudhani amepata nafuu.

Kwanza yafaa ieleweke kwa nini gari hilo ni rahisi. Sehemu kubwa ya motokaa zilizotumika ziingiazo nchini hutoka Japani, ambako magari huendeshwa upande wa kushoto wa barabara kama kwetu. Huko motokaa mpya ya mtu binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, ambao Wajapani huuita shaken, huambatana na kodi, bima na matengenezo, na gari linapozeeka matengenezo hayo huongezeka. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake ya mwaka hupandishwa. Mjapani mwenye gari kubwa hupiga hesabu, akaona ni heri alipeleke mnadani kuliko kulipitisha katika ukaguzi mwingine. Singapore nako kibali cha kumiliki gari hudumu miaka 10, na kukihuisha ni ghali. Kwa hiyo gari halikuuzwa kwa sababu limekufa. Limeuzwa kwa sababu mwenyewe, ambaye kipato chake ni kikubwa kuliko chetu mara nyingi, ameona kulitunza ni mzigo. Mzigo huo haukubaki Yokohama. Umepakiwa melini pamoja na gari.

Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingizwa kwa motokaa iliyozidi miaka 8. Sisi tumechagua kuyatoza magari ya zamani ushuru wa uchakavu, na anayelipa hupita. Mlango basi uko wazi, na kila mmoja wetu ni mlinzi wa mfuko wake mwenyewe.

Jambo la pili ndilo zito. Bei ya gari hushuka mwaka hadi mwaka, lakini bei ya spea zake haishuki pamoja nayo. Gari lililouzwa jipya kwa fedha ambazo zingejenga nyumba litaendelea kudai shokapu, pampu, vitambuzi na kompyuta za hadhi ile ile, hata likiwa mikononi mwa mtu wa kumi. Motokaa ndogo ikiharibika hudai kwa hadhi yake, na Benzi likiharibika hudai kwa yake, pasipo kujali nani amelishika usukani.

Tuchukue mfano wa Mercedes-Benz ya daraja la S iliyoanza kuuzwa mwaka 1998. Gari hilo halikukalia springi za chuma kama motokaa nyingine, bali lilikalia mifuko ya mpira iliyojazwa upepo na kompresa. Juu ya lami safi ni raha tupu. Lakini mpira huzeeka kwa miaka na kwa joto, si kwa kilometa peke yake. Ukifanya nyufa, upepo huvuja usiku, na asubuhi mwenye gari hulikuta limeinama upande mmoja kama ngamia anayetaka kupiga magoti. Kompresa nayo, ikijaribu kufidia upepo unaopotea, hufanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Ugonjwa mmoja umezaa deni la vitu viwili. Wapo wanaoamua kung'oa mfumo mzima na kuweka springi za kawaida; gari litatembea, ila ule utulivu ambao mtu alililipia umekwisha kuondoka.

Au tuchukue daraja la E lililotolewa mwaka 2002. Breki zake ziliendeshwa kwa umeme, kwa pampu ambayo huhesabu ni mara ngapi dereva amekanyaga breki. Hesabu iliyowekwa ikifika, taa ya onyo huwaka na pampu hutakiwa kubadilishwa. Mwaka 2004, na tena mwaka 2005, kiwanda chenyewe kiliyaita magari mengi yarudi kukaguliwa kwa sababu ya mfumo huo, na toleo lililorekebishwa la mwaka 2006 liliuacha kabisa. Magari ya kabla ya hapo hayakwenda mbinguni. Yamo yadini na mitandaoni, yamepigwa rangi vizuri, na mtu anayenunua moja lenye kilometa 200,000 hununua pamoja nalo breki ambazo siku zake zimekuwa zikihesabiwa tangu Ujerumani.

Hata Toyota, ambayo Watanzania tunaiamini kwa ugumu wake, haikuumbwa yote kwa udongo mmoja. Crown za kati ya mwaka 2003 na 2008 zenye injini ya V6 ya lita 2.5 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, haizisafishi, na masizi hujijenga hapo kidogo kidogo. Kwa kilometa nyingi injini huanza kutetemeka ikiwa imesimama, na nyingine hunywa oili. Fundi aliyezoea Corolla atabadilisha plagi, kisha koili, kisha atabadilisha plagi tena, na ugonjwa utabaki pale pale. Mwenye gari atakuwa amelipa mara tatu kwa kubahatisha.

Na hapo tuligusie suala la mafundi, maana wengi hulisahau. Fundi anayeyajua magari haya, mwenye mashine ya kuisoma kompyuta yake na uaminifu wa kusema alichokiona, hupatikana kwa kutafutwa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza. Mwalimu wetu yuko Tunduru au Kasulu. Gari likizima huko, gharama ya kwanza si spea, ni lori la kulibeba. Akifika mjini huambiwa kwamba spea mpya ni ghali, basi aende Gerezani akatafute ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari jingine la umri ule ule lililokufa kabla ya lake. Ananunua uchakavu ili atibu uchakavu.

Petroli haihitaji maelezo marefu. Mtumishi anayetembea kilometa 1,000 kwa mwezi, yaani kwenda na kurudi kazini pamoja na safari ndogo za nyumbani, atatumia takriban lita 71 kwa motokaa ndogo inayokwenda kilometa 14 kwa lita. Gari kubwa la V6 linalokwenda kilometa 7 kwa lita katika foleni za mjini litamaliza lita 143. Katika miaka ya 2022 na 2023 bei ya petroli Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita. Kwa bei hiyo, tofauti ya magari hayo mawili ni zaidi ya shilingi 200,000 kila mwezi, au zaidi ya milioni 2 na nusu kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na wafanyakazi walishangilia, kwa haki kabisa. Nyongeza hiyo yote ni shilingi 130,000.

Sasa tufike kwenye mkopo, kwa kuwa ni wachache kati yetu wanaonunua kwa fedha taslimu. Sheria inataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, na wengi hukopa mpaka kwenye mstari huo. Tuseme mwalimu amekopa kwa miaka 5, akatumia fedha zote kununua gari na kulipia ushuru. Hakuacha akiba hata ya matairi. Mwaka wa pili gia zinagoma. Hawezi kukopa tena, na theluthi iliyobaki ni ya chakula, kodi ya nyumba na ada. Gari hupandishwa juu ya matofali chini ya mwembe, kuku wakapata kivuli, na makato yanaendelea kukatwa kila mwisho wa mwezi kwa miaka mitatu mingine.

Hapo ndipo madhara yanapotoka nyumbani na kuingia kazini. Mwalimu mwenye deni la namna hiyo huanza kuuza muda wake: masomo ya ziada ya kulipiwa yanachukua nguvu ambayo ilikuwa ya darasa la asubuhi. Ofisa ugavi ambaye gari lake limesimama gereji wiki ya tatu huwa mwepesi wa kumsikiliza mzabuni anayejitolea kumlipia fundi. Sisemi kwamba kila mwenye Benzi ni mla rushwa. Wapo waadilifu wengi waliojinyima na kununua kwa haki. Nasema kwamba mtumishi aliyefungwa na gari lisilolingana na kipato chake amejiweka mahali pa kujaribiwa kila siku, na wenye kujaribu watu wanazijua gereji zetu zote.

Hata hivyo haifai kuzilaumu kilometa peke yake. Katika jumba la makumbusho la Mercedes-Benz mjini Stuttgart imehifadhiwa 240 D ya mwaka 1976 iliyokuwa teksi ya Mgiriki aitwaye Gregorios Sachinidis. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, akaiendesha mpaka mwaka 2004 ilipokuwa imefikisha kilometa milioni 4.6. Lakini gari hilo lilikuwa la dizeli, la chuma kitupu, halina kompyuta ya kuliamuru. Na mwenyewe aliishi kwa kulitunza, akawa na injini za akiba alizozibadilisha kwa zamu. Gari la kilometa 180,000 lenye kumbukumbu za oili, mkanda wa taimingi na oili ya gia ni salama kuliko la kilometa 60,000 ambalo hakuna ajuaye lilipitia wapi. Kinachopaswa kununuliwa ni kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo bidhaa adimu kuliko zote katika yadi zetu.

Badala yake tunauziwa tarakimu. Kipimo cha kilometa cha siku hizi si gurudumu la meno tena, ni kumbukumbu ya umeme ambayo mtu mwenye kifaa kidogo huirudisha nyuma kwa dakika chache. Gari lililotoka mnadani Japani na kilometa 190,000 huweza kuonekana mtaani likiwa na 78,000, na anayelitazama hufurahi kwa kuwa ndicho alichotaka kukiona. Huo ni ulanguzi kama ule wa kuchanganya maji na maziwa, tena ni mbaya zaidi, kwa kuwa mnunuzi huahirisha mabadiliko ya mkanda na oili akiamini muda wake haujafika.

Mwenye macho anaweza kujihami. Mpira wa pedali ya breki uliolika hadi ukawa laini, usukani uliopoteza chembe za ngozi yake, na ukingo wa kiti cha dereva uliolegea si dalili za kilometa 78,000. Wajapani wana desturi ya kubandika ndani ya mlango au chini ya boneti kibandiko kinachoonyesha oili au mkanda ulibadilishwa kwenye kilometa ngapi. Mara nyingi mlanguzi husahau kukibandua, kwa sababu hasomi Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile za kwetu. Katika magari mengi ya Ujerumani hesabu ya kilometa huhifadhiwa zaidi ya mahali pamoja, na fundi mwenye mashine atalinganisha. Karatasi ya mnada ya Japani hutaja kilometa na hutoa alama ya hali ya gari. Herufi R mahali pa alama hiyo humaanisha gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji asemaye karatasi imepotea amekwisha kutoa jibu. Tena gari liwashwe likiwa baridi kabisa, mbele ya fundi aliyelipwa na mnunuzi. Si yule aliyeletwa na dalali, hata kama ni ndugu yake.

Lakini si haki kumwachia mwananchi mmoja mmoja kazi ya upelelezi. Kadi ya gari ya Tanzania hueleza rangi, namba ya chasisi, namba ya injini, ujazo wa injini na mwaka wa kutengenezwa. Kilometa haimo. Hati ya ukaguzi ya Japani huziandika. Ubelgiji tangu mwaka 2006 ina mfumo uitwao Car-Pass, ambao chini yake gereji hupeleka hesabu ya kilometa kila gari linapohudumiwa, na muuzaji hulazimika kumkabidhi mnunuzi hati yenye historia hiyo. Uingereza huandika kilometa katika kila ukaguzi wa mwaka, na mtu yeyote aweza kuzitazama. Sisi tunazo nafasi za kufanya hivyo bila kuunda idara mpya. Gari huingia bandarini na kukaguliwa. Hukatiwa bima kila mwaka. Askari wa usalama barabarani hulikagua na kulibandika stika. Na siku ya kubadilisha umiliki nyaraka zake hupita Mamlaka ya Mapato. Katika kila hatua hizo mtu mmoja angeandika tarakimu sita katika kumbukumbu za serikali, na mnunuzi akaweza kuzisoma kwa namba ya gari. Mlanguzi angebakiwa na kifaa chake mkononi, hana pa kukitumia.

Lipo jambo moja ambalo halingoji sheria wala mfumo, nalo ni la uhai. Watu husema gari kubwa la kifahari lina usalama kwa sababu lina mifuko ya hewa ya kumkinga dereva. Ni kweli, ikiwa mifuko hiyo ni mizima. Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, yakiwamo ya Toyota, Honda, BMW na Mercedes-Benz, yalifungwa vilipuzi vya mifuko ya hewa vya kampuni ya Takata ya Japani. Baruti iliyomo ndani yake huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na siku ya ajali huweza kulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wamekufa kwa hilo Marekani na kwingineko, magari yameitwa kurudi kwa mamilioni, na kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Gari lililosafirishwa nje kabla ya kubadilishiwa kifaa hicho halifuatwi na barua ya kiwanda hadi Tanga au Lindi, na hali ya hewa ya pwani yetu ndiyo hasa hiyo ya joto na unyevu.

Viwanda vingi vimeweka orodha zinazotafutwa kwa namba ya chasisi, na wakala wa kila chapa anaweza kuulizwa kwa namba hiyo hiyo. Namba imeandikwa katika kadi ya gari. Anayetaka kununua aidai kabla ya kutoa malipo ya awali, na aliyekwisha kununua aitoe kabatini wiki hii aiulizie, liwe ni Benzi au motokaa ndogo ya kwendea sokoni.